Asiyenyoosha Mkono

Blažena aliletwa kwenye kasri la Drahenín akiwa na miaka saba, nyuma ya lori la maziwa, amekaa juu ya pipa tupu, amefunikwa koti la marehemu mama yake hadi viatuni. Baba yake alikuwa ameoa tena. Mke mpya alikuja na watoto wake, wanaotembea wamenyooka na kusema bila kukwama, na Blažena alikuwa na mguu mmoja mfupi na ulimi mzito. Daktari wa mjini alimtazama kwa muda ambao mtu humenya yai, akaamua kwamba hafundishiki. Hivyo tu. Maisha ya mtu yakakatwa kama kitambaa, na aliyeshika mkasi akaenda zake kula chakula cha mchana.

Kasri lenyewe halikujengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Lilijengwa na bwana mmoja aliyetajirika kwa sufu ya kondoo, zamani zile wakubwa waliposhindana nani ana ngazi pana zaidi na dari lenye malaika wengi zaidi. Wanakijiji walibeba mawe, na wajukuu wao wakaendelea kuwavulia kofia wajukuu wake, mpaka vita kuu ya pili ilipokwisha na bibi kizee wa mwisho wa ukoo ule akafukuzwa na masanduku mawili. Baada yake walilala humo askari. Baada ya askari ikalala ngano ya ushirika, na panya wakanenepa kuliko paka. Halafu serikali, ambayo haikuwapenda watawa, na ambayo haikujua iwafanye nini watoto ambao hakuna aliyetaka kuwaona, ikaamua kuwatia wote ndani ya jumba moja mbali na barabara kuu. Watawa wakaletwa kwa lori, watoto wakaletwa kwa lori, na geti likafungwa.

Kitanda cha Blažena kilikuwa katika ukumbi mkubwa wa juu, ambamo mabwana walikuwa wakicheza dansi. Vitanda vya chuma vilipangwa mistari, na juu yake ilikuwa mbingu nzima: mawingu ya rangi ya waridi, farasi, wanawake wanene wanaomwaga matunda, na vitoto vyenye mabawa. Mchoraji na fundi wa lipu walikuwa wameshirikiana kufanya utani, kwa hiyo kitoto kimoja kilikuwa kimetoa mguu nje ya picha, mguu wa chokaa kweli kweli, na vidole vyake vyote, unaning'inia juu ya vichwa vya watu. Asubuhi ya kwanza Blažena alifumbua macho, akauona, akaanza kulia kwa hofu. Msichana wa kitanda cha jirani alimtazama yeye, akautazama mguu, kisha akajikunja na kutetemeka na kukumbatia mguu wake mwenyewe, kana kwamba mwenye mguu ule wa juu anapigwa na baridi. Blažena akacheka huku kamasi zinamtoka. Huyo alikuwa Otylka.

Otylka hakusema neno, siku ile wala nyingine. Ilisemwa kwamba akili yake haikukua. Ukweli ni kwamba alikuwa kiziwi tangu tumboni, na hakuna mtu mzima aliyewahi kupiga makofi nyuma ya kisogo chake aone kama atageuka. Jambo dogo kiasi hicho, na hakuna aliyelifanya. Mimi nikilifikiria huwa nashikwa na hasira, ingawa wote waliohusika wamekwisha kufa na hawana wa kunijibu.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya mbao za rangi mbili, zilizopangwa kama mkeka, nayo ilikuwa fahari ya Sista Kornelie, mkuu wa watawa, mwanamke mrefu, mkali, na mwenye haki kwa namna yake. Kila Jumamosi vitanda vilisukumwa ukutani, nta ikapakwa, na watoto wakafungwa vitambaa vizito miguuni. Walisimama wawili wawili, wameshikana mikono, wakateleza kiupande kutoka ukuta mmoja hadi mwingine huku Sista akipiga makofi ya mwendo. Hakuna aliyetaka kushikana na Blažena, kwa ajili ya mguu wake. Hakuna aliyetaka kushikana na Otylka, maana hakufuata makofi. Basi wakashikana wao. Otylka alikuwa na nguvu, akambeba mwenzake upande ule mbovu. Blažena aliyasikia makofi, akamminya mkono mwenzake ilipofika zamu ya kugeuka. Baada ya majuma machache hapakuwa na jozi ya kuwashinda. Waliteleza wakiwa watoto, wakateleza wakiwa wanawake wenye vifua, wakateleza mpaka mvi zikawaingia.

Kazi ikiisha, walikaa kwenye benchi refu, mikono mapajani, na Sista akapita na kikapu cha matufaha, au sikukuu ikiwapo, vikate vya duara vyenye jamu ya plamu. Hapo ndipo alipowafundisha somo lake kuu. Aliyenyoosha mkono alirukwa. Aliyesema "na mimi" alirukwa hata Jumamosi iliyofuata.

"Mungu anaona mnachohitaji," aliwaambia, "na mimi nina macho pia. Anayeomba anajifanya kumfundisha Mungu kazi."

Na kweli, aliyenyamaza alipewa. Methali inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Drahenín, mtaka cha mvunguni alitakiwa kutazama dari.

Blažena aliimeza kanuni hiyo nzima nzima. Siku moja zililetwa nguo za msaada, na ndani yake mlikuwa na kofia nyekundu ya sufu. Aliitamani, na kwa sababu aliitamani sana, akageuza uso kabisa, akawa anahesabu vioo vya dirisha. Sista Kornelie akapita mistari yote ya wasichana, akaja kumvika yeye. Tangu hapo hakuwa na shaka. Mtu akitaka kitu kidogo, anyamaze kidogo. Akitaka kitu kikubwa, anyamaze sana.

Miaka ikaenda. Serikali iliyowaleta watawa ikaanguka, na watawa, ambao sasa walikuwa vikongwe, wakarudi kwenye nyumba yao ya asili. Wakaja wanawake wa kijijini wenye suruali na simu, ambao wakazi wa kasri waliwaita shangazi, hata kama shangazi mwenyewe alikuwa mdogo kwao kwa miaka thelathini. Shangazi Radka alikuwa mmoja wao, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mabata. Ukumbi ukagawanywa kwa mbao nyembamba ili kila watu wawili wawe na chumba. Mbingu ikakatwa vipande. Blažena na Otylka waliangukia kipande chenye mguu.

Kisha yakaja maneno mapya. Wakubwa wa mkoa walisema si haki binadamu kukaa maisha yake yote katika jumba la mabwana, amefichwa kama aibu. Sasa wataishi mjini, katika nyumba za kawaida, watu wachache wachache, kila mmoja na ufunguo wake na birika lake. Sitayapinga maneno hayo, yalikuwa mema. Wapo waliotoka Drahenín wakalia kwa furaha siku walipofunga mlango wa choo kwa mara ya kwanza. Na kasri, walisema, litafanyiwa matengenezo, lirudishiwe hadhi yake.

Mwanamke aliyeletwa kupanga uhamisho aliitwa Šárka, kijana, mwenye moyo safi na viatu vya kukimbilia. Alimwita kila mkazi peke yake ofisini, akampa chai, akamuuliza anachotaka. Hakuna mtu aliyewahi kuwauliza hivyo tangu kasri lijengwe.

"Bi Blažena," alisema, "ungependa kuishi na nani?"

"Na yeyote tu, bibi."

"Usiharakishe. Kuna mtu ambaye ukimkosa utaumia?"

Blažena akatazama dirishani. Alijua kwamba hili ndilo kubwa kuliko yote, kubwa kuliko kofia, na akauma meno.

"Kama mtakavyo ninyi," akasema. "Mimi sina neno."

"Kweli? Maana hapa hatumlazimishi mtu. Sema tu."

"Sina neno, bibi. Yeyote."

Šárka akashusha pumzi, maana kati ya wote huyu alikuwa mwepesi kumpangia, akamshukuru. Blažena akatoka mle ofisini amenyooka kwa kiasi alichoweza kunyooka, uso unang'aa. Alikuwa amenyamaza kuliko alivyowahi kunyamaza. Kwa hiyo Otylka alikuwa wake.

Siku ya kuhama kulikuwa na magari mawili uani. Otylka aliwekwa katika moja, Blažena katika jingine. Otylka alikuwa akitazama mbele, hakugeuka. Blažena alidhani ni mambo ya mizigo. Kwenye njia panda ya kiwanda cha mbao gari la Otylka likashika kushoto, lao likashika kulia, naye akapunga mkono bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemuaga mwenzake anayekwenda dukani.

Nyumba mpya ilikuwa nzuri. Blažena alikaa na wanawake wawili wa ukumbini, na Shangazi Radka alikuja kila siku kuwasaidia. Alijifunza kuwasha jiko, kupika supu ya viazi, kupanda basi la mjini. Ufunguo aliuvaa shingoni ndani ya fulana, akawa anaupapasa. Lakini kila gari lilipopunguza mwendo nje, alikuwa dirishani. Majani yakapukutika, theluji ikaja, ikaondoka. Alitandika kitanda cha pili chumbani mwake kila Jumatatu kwa shuka safi, na Radka alidhani ni mazoea ya kasri.

Siku moja Radka alifika mapema akamkuta anaweka vikombe viwili mezani.

"Cha pili cha nani, Blaženka? Mimi chai yangu nimekunywa."

"Cha Otylka."

Radka akakaa kitini taratibu. "Otylka waligundua hasikii, yuko kwenye nyumba ya viziwi, upande wa pili wa mkoa. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

"Sasa?"

"Sijaomba, Shangazi," Blažena akasema, na uso wake ulikuwa na fahari. "Hata mara moja. Hata kwa Šárka sikuomba. Hata kanisani."

Radka alikuwa mtu wa kijiji kile. Mama yake alifua nguo za watawa, naye alilijua benchi na kikapu. Akaelewa yote kwa mkupuo, akashika kichwa.

"Mama yangu wee. Blaženka, we mwanamke, hivi nani atajua? Sista Kornelie yuko kaburini! Huku nje usiposema watu wanadhani hutaki!"

Blažena alikitazama kikombe. Rangi ikamtoka usoni kidogo kidogo, kuanzia midomoni, na Radka akajuta kusema kwa sauti kubwa. Kwa siku kadhaa Blažena hakula kitu cha maana. Si kwamba alikuwa amekasirika. Alikuwa anapita tena ndani ya maisha yake yote, chumba baada ya chumba, akitafuta ni vitu gani vingine alivinyamazia.

Kisha wakaanza mazoezi. Radka aliamua kwamba mwanamke wa miaka sitini na kitu ajifunze neno moja, na mahali pa kujifunzia ni dukani kwa mwokaji.

"Haya, unataka mkate gani?"

"Wowote."

"Wowote haupo. Muuzaji, mkate wa wowote mnao?"

"Umekwisha leo," akasema muuzaji, mwanamume mwenye masharubu, ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa.

Blažena akasimama pale jasho linamtoka, foleni nyuma yake inakohoa. "Ule," akasema mwishowe.

"Ule nini?"

"Na... nataka ule."

Alitoka na mkate kifuani kama mtu aliyeiba, akatazama nyuma mara mbili. Kesho yake akataka soseji. Juma lililofuata akasema hataki supu ya kabeji, hajawahi kuipenda, ameila miaka hamsini. Radka akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Na siku moja asubuhi, bila kuulizwa, Blažena akasema: "Shangazi, nataka Otylka."

Haikuwa rahisi kama mkate. Wale wa nyumba ya viziwi walijibu kwamba mama yule amechukua muda mrefu kutulia, basi wangojee kidogo. Kidogo kikawa kirefu. Mpaka mwaka wa pili ndipo walipokubaliana wakutane Drahenín kwenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, maana nyumba zote mbili zilitaka kuwapeleka watu wao wakalione kasri lililotengenezwa. Blažena alifua mapazia. Kitanda cha pili alikitandika shuka lenye maua.

Kasri lilikuwa limepakwa rangi ya njano na nyeupe, na bustanini mlikuwa na mahema ya harusi. Siku hizi watu huja kutoka mbali kuoana pale. Kuna wanaongoja mwaka mzima kupata Jumamosi. Mlangoni msichana mwongozaji aliwapa wageni makobazi makubwa ya kitambaa kizito, ya kuvaa juu ya viatu, wasiikwaruze sakafu. Akawaeleza kuhusu mtindo wa ujenzi wa baroki, na bwana wa kondoo, na mchoraji aliyelipwa kwa mvinyo. Alipofika kwenye miaka ya karibuni akasema, "Baada ya vita jumba lilitumika isivyofaa na kuharibika vibaya. Sasa tupite huku tuone meza ya kulia chakula." Pumzi moja. Nusu karne ya watu, na vitanda vyao, na vifo vyao, ikapita katika pumzi moja. Blažena hata hakusikia, kwa sababu katika mlango wa pili wa ukumbi alikuwa amesimama Otylka.

Alikuwa amekata nywele. Alivaa suruali. Alipomwona Blažena alikuja mbio kwa makobazi yale, akiteleza na kumgonga huyu na yule, akamshika sikio akalivuta, kama alivyokuwa akifanya tangu utoto alipotaka amtazame. Wakashikana pale katikati ya sakafu, chini ya mbingu iliyounganishwa tena, na mwongozaji akawaomba kwa adabu wapishe njia.

Walikwenda kukaa nje, kwenye ukingo wa ngazi za bustani. Pamoja na Otylka alikuwepo Bi Hedvika, mtu mzima mwenye sauti ya upole, mfasiri wake. Na hapo Blažena akaona jambo ambalo hakulitarajia: mikono ya Otylka ilisema. Haikuwa ile mikono yao ya zamani, ya kuvuta na kuminya. Ilikuwa inapaa na kukata na kurudi, haraka, na Bi Hedvika akaigeuza kuwa maneno.

"Anasema umenenepa."

Blažena akacheka. "Mwambie yeye nani kamkata nywele, kipofu?"

Hedvika akafikisha. Otylka akacheka bila sauti, mabega yanamruka, kisha mikono ikaenda tena.

"Anasema amekata mwenyewe. Anasema ana sungura. Ana bustani, analima pamoja na mwenzake Jarmila, na Jarmila ni mvivu."

Blažena alisikiliza sungura wote na uvivu wote wa Jarmila. Halafu akakusanya nguvu. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo.

"Mwambie nataka aje akae na mimi. Kitanda kipo. Mwambie... mwambie Blažena anasema nataka."

Mikono ya Hedvika ikasema. Mikono ya Otylka ikatulia mapajani. Ilipoinuka ilikwenda polepole.

"Anasema kabla hamjahama walimpa picha za nyuso, za watu wote," Hedvika akasema. "Wakamwonyesha apange, nani na nani. Akachukua ya kwake, akachukua ya kwako, akaziweka pamoja. Wakazitenga, wakidhani hakuelewa, wakamwonyesha apange tena. Akaziweka pamoja tena. Basi yule bibi wa uhamisho akatikisa kichwa. Akaipitisha picha yako juu ya picha zote, kumwonyesha kwamba wewe..." Hedvika akamtazama Blažena. "Kwamba wewe umesema yeyote."

Ndani ya ukumbi kinanda kilianza kupigwa.

"Anauliza kwa nini."

"Mwambie sikuomba ili nipewe."

"Hilo sijui nitamwambiaje, mama. Hata mimi sijalielewa."

"Mwambie Sista," Blažena akasema, na ulimi ulikuwa umeanza kumkwama kama zamani. "Mwambie be... be..." Neno halikutoka. Akaacha. Akakaa wima, akaweka mikono yake mapajani, akafunga mdomo, akageuza uso pembeni.

Otylka alimtazama. Hakuhitaji mfasiri. Alikuwa amekaa vile pamoja naye Jumamosi zote za utoto wake, naye pia alikuwa amepewa matufaha. Machozi yakamjaa. Akamshika Blažena uso kwa mikono miwili, akamtikisa kidogo, kama mtu anayemtikisa mtoto aliyepotea akapatikana. Halafu akamwachia, akasema mengi.

"Anasema alilia majira yote ya baridi," Hedvika akasema. "Hakutaka kula. Alidhani umemchoka kwa sababu hasemi. Kisha wakamfundisha ishara ya mkate, na ya theluji. Kisha ya 'sitaki'. Anasema kule kokote anakogeuka, watu wanamjibu. Hajawahi kuwa na watu wanaomjibu, isipokuwa wewe. Anasema angekuja. Angetembea kwa miguu, angekuja. Lakini hiyo ilikuwa wakati ule."

"Na sasa?"

Hedvika hakuhitaji kufasiri. Otylka alikuwa amelisoma swali usoni, akatikisa kichwa, na mkono mmoja ukafanya ishara fupi iliyo wazi kwa kila mtu.

"Anasema hapana. Nyumba yake iko kule."

Maji yakimwagika hayazoleki. Blažena alilijua hilo kama ajuavyo mtu yeyote wa umri wake, lakini kulijua hakukumpunguzia kitu. Maisha yake yote hakuwahi kunyoosha mkono, na siku aliyounyoosha ulirudi mtupu. Hakuweza hata kukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Hakuwa amewahi kumwona Otylka ana mambo mengi ya kusema kiasi kile. Miaka yote hamsini alikuwa akidhani anamjua, kumbe alikuwa akimjua mkono tu.

Gari la viziwi lilipiga honi kwa ajili ya wanaosikia. Otylka akasimama, akamvuta sikio, akaahidi kwa mikono kwamba atakuja kumtembelea wakati wa Krismasi, na kwamba yeye pia aje aone sungura. Akapanda, akakaa karibu na mwanamke mmoja mwenye miwani, bila shaka Jarmila, na kabla gari halijapita geti walikuwa wamekwisha kuanza kuongea. Radka alikuwa ameenda kuwatafuta wengine bustanini. Blažena akabaki ngazini peke yake.

Milango ya ukumbi ikafunguliwa na harusi ikamwagika nje, vazi jeupe, mchele wa kurusha, wapiga tarumbeta. Mama mmoja aliyevaa kofia ya maua alishuka ngazi akihema, akakaa kando yake, akavua viatu, akamwona uso.

"Na wewe pia umeshikwa," akasema, akafungua mkoba akatoa leso. "Mimi nimelia tangu walipoingia. Wewe wa upande gani, wa bibi harusi au wa bwana?"

"Wa hapa," Blažena akasema.

Yule mama hakuelewa, wala hakujali, maana alikuwa na furaha na mvinyo kidogo kichwani. Akamtia leso mkononi, akamkumbatia begani.

"Basi lia tu, mama," akasema. "Lia, usijizuie."

Na Blažena, ambaye siku zote alifanya alichoambiwa, akalia.